Nimeitwa usaili vyuo viwili vya famasia, cha tatu kimya: naombeni uzoefu wenu

Kemia_na_Maisha

Wakuu, salaam.

Naomba msaada wa mawazo kwa waliopita njia hii au wanaoijua kutoka ndani. Nipo Marekani, nimeomba PharmD, shahada ya kitaaluma ya ufamasia, kwa mwaka wa masomo ujao. Maombi yamepita PharmCAS, mfumo wa pamoja wa kuombea vyuo vya famasia, yameshathibitishwa, barua za wadhamini zimeingia zote. Vyuo viwili vimeniita usaili. Cha kwanza ni kwa video, wasaili wawili, nusu saa. Cha pili ni ana kwa ana na wametuandikia kwamba watatumia MMI, ule mtindo wa kuzunguka vituo. Cha tatu, ambacho kusema kweli ndicho ninachokitaka kuliko vyote, kimenyamaza tangu maombi yathibitishwe. Nikifungua akaunti yangu naambiwa tu kwamba maombi yanapitiwa.

Kidogo kuhusu mimi: nafanya kazi famasi ya mtaani kama msaidizi wa mfamasia, zamu za jioni na wikiendi, mchana nipo darasani. Alama zangu ni A na B, isipokuwa kemia ogania ya pili ambayo nilipata C. Ni muhula ambao mama aliugua na mimi ndiye niliyekuwa nampeleka hospitali.

Kinachonisumbua zaidi ni lile swali ambalo kila mtu ananiambia lazima liulizwe: kwa nini famasia? Nikijibu kwamba napenda sayansi na napenda kuhudumia watu, ni kweli kabisa, lakini linasikika kama jibu la kila mwombaji. Kuna jambo moja ambalo ndilo hasa lililonifanya niamue, ila sijui kama linatosha kusimuliwa mbele ya maprofesa.

Alikuja kaunta mama mmoja na mtoto mdogo mwenye maambukizi ya sikio. Mtoto kaandikiwa amoksilini ya maji, mililita 7.5 mara mbili kwa siku. Mfamasia alimweleza, na kila alichoelezwa mama alitikisa kichwa kukubali. Alipogeuka kumbembeleza mtoto nikasikia Kiswahili. Nikamwambia mfamasia. Akajaribu laini ya mkalimani, ikaita muda mrefu bila kushikwa, akaniomba nitafsiri maneno yake kama alivyoyasema. Halafu akachukua lile bomba la plastiki la kupimia, akachora mstari mweusi kwenye 7.5, akaweka maji kwenye kikombe na kumwambia mama avute mwenyewe. Mara ya kwanza mama akavuta hadi mwisho, mililita 10. Mara ya pili akasimama kwenye mstari. Tukamweleza pia atikise chupa kila anapotaka kuitumia, aiweke baridi, na kinachobaki baada ya siku 14 akimwage.

Nilipotoka kazini usiku ule nilikuwa nimeshaamua. Lakini wenzangu wana utafiti wa maabara na mabango ya makongamano. Je, hili la bomba linafaa, au nitafute kitu kikubwa zaidi?

---

Mwaka_wa_Tatu_P3

Hongera dada. Kuitwa na vyuo viwili kwa mkupuo ina maana karatasi zako zimeshasema vizuri. Mimi nipo mwaka wa tatu wa PharmD na nilipita MMI, kwa hiyo nitajibu hapo, mengine nawaachia wakubwa.

MMI ilianzia Chuo Kikuu cha McMaster kule Kanada, kwa waombaji wa udaktari, mwanzoni mwa miaka ya 2000, kisha famasia wakaichukua. Unasimama nje ya mlango, unasoma karatasi yenye tukio au swali, kawaida unapewa kama dakika 2 za kufikiri, kengele inalia, unaingia. Ndani una dakika chache tu, kwangu hazikufika 10, halafu kengele tena, unahamia mlango mwingine. Kila kituo kina msaili wake ambaye hajui umefanyaje kwingine, na hilo ndilo linaloupa mtindo huu haki yake. Kituo kimoja kikiharibika hakijaharibu siku yako. Nilimwona kijana mmoja ametoka chumba cha pili uso umemshuka, akaubeba uso ule ule hadi mlango wa mwisho. Nilimhurumia sana, maana wale wa vyumba vya mbele hawakuwa na habari na kilichomtokea.

Vituo vinavyopendwa: mwenzako wa kundi anadanganya kwenye mtihani na wewe umemwona, mteja amefura kwa sababu bima imekataa dawa yake, mnakaa mgongo kwa mgongo na mtu, wewe una mchoro, yeye ana karatasi tupu, umwelekeze auchore bila kuuona. Hicho cha mchoro wengi wanakidharau. Wanachoangalia ni kama unasimama kumuuliza mwenzako amefika wapi, au unamwaga maelekezo mfululizo tu.

Fanya mazoezi ya kuongea kwa saa ya simu. Soma tukio, funga macho, sema kwa sauti: nani anaathirika hapa, nini sikijui bado, nitaanza na hatua gani. Ukikaa kimya sekunde 10 ukifikiri, hakuna atakayekuhesabia vibaya.

Usaili wa video ni mambo madogo madogo: kamera iwe usawa wa macho, mwanga utoke mbele yako, na ukiongea utazame kamera badala ya picha yako mwenyewe. Waambie wa nyumbani mapema.

---

Zamu_ya_Usiku

Mdogo wangu, mimi ni mfamasia wa hospitali, napokea wanafunzi wa mwaka wa nne kwa mafunzo ya vitendo, na kuna chuo kinachonialika kukaa kwenye jopo la usaili kila msimu. Sitakitaja. Nitakujibu kwa urefu kwa sababu swali lako limenigusa.

Jibu lako la "kwa nini famasia" ni hilo bomba. Usitafute kingine.

Nikueleze kwa nini. Tunaposoma maombi tumeshaona alama, tumeshaona maabara. Kanuni za mwaka 2016 za ACPE, chombo kinachotoa ithibati kwa programu za famasia Marekani, zilitaka kila chuo kifanye usaili kabla ya kudahili, na sababu ni kwamba karatasi haionyeshi mtu anavyosikiliza, anavyoongea, anavyofanya kazi na wengine. Sasa mwombaji anakaa mbele yangu na kuniambia tena GPA yake, yaani wastani wa alama. Nimeiona. Niambie kitu ulichokiona wewe kwa macho yako. Wewe umemwona mtu akikubali kwa kichwa maelezo ambayo hayajamfikia, na umeona kwamba njia ya kugundua ilikuwa kumpa bomba mkononi. Kuna wanafunzi wangu wa mwaka wa mwisho ambao bado wanamaliza maelezo kwa kumuuliza mgonjwa "umeelewa?" na wanaridhika akisema ndiyo.

Lakini usimulie kwa uangalifu, maana hadithi hii ina sehemu ambayo mfamasia yeyote kwenye jopo ataikazia macho. Msaidizi haruhusiwi kumshauri mgonjwa kuhusu dawa. Ushauri ni kazi ya mfamasia, au ya mwanafunzi aliye chini ya usimamizi wake. Kwenye maelezo yako hapo juu mipaka iko wazi: ulimwita mfamasia, maneno yalikuwa yake, wewe ulitafsiri. Hakikisha inabaki wazi hivyo hivyo siku ya usaili, hata kama umebanwa na muda. Ukijisahau ukasema "nikamwonyesha mama jinsi ya kupima", msaili anaandika pembeni kwamba huyu hajui mipaka ya kazi yake, na umepoteza hadithi nzuri kwa neno moja. Ukisema "nilimwita mfamasia kwa sababu sehemu ile haikuwa yangu", umeonyesha uadilifu bila kuutaja.

Pia tegemea kuulizwa kuhusu mkalimani. Kwenye huduma za afya inatakiwa mkalimani aliyehitimu, na kuna sababu: mtu wa nyumbani au mfanyakazi anayejua lugha anaweza kuruka neno, kuongeza lake, au kumwonea mgonjwa haya. Wakikuuliza ungefanya nini tofauti, usijihami. Sema laini ilijaribiwa kwanza, sema ulitafsiri sentensi kwa sentensi, na sema ungependa famasi iwe na utaratibu gani laini isiposhikwa. Hapo mazungumzo yanakuwa ya watu wa kazi moja, na ndipo wasaili wanapoanza kukufurahia.

Ukitaka uzito wa kisheria, lijue jambo hili moja: sheria ya shirikisho ya mwaka 1990 inayoitwa OBRA ndiyo iliyotaka wafamasia wajitolee kuwashauri wagonjwa wa Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, ikaanza kutumika mwaka 1993, na majimbo mengi yakaupanua wajibu huo kwa wateja wote. Kile ulichokishuhudia kaunta kina historia. Usiihutubie, ila ikija nafasi, itaje kwa sentensi moja.

Swali pacha ni hili: kwa nini si udaktari, kwa nini si uuguzi? Hapa watu wanaanza kusema damu inawatisha au masomo ya udaktari ni marefu. Hayo ni majibu ya kukimbia kitu. Sema unachokiendea. Nikupe mfano wa zamu zangu mwenyewe. Iliingia oda ya antibiotiki ya mshipa kwa mtoto wa miaka mitano, dozi imekokotolewa kwa uzito, na uzito umeandikwa 44. Hesabu ilikuwa sahihi kabisa, kompyuta haikulalamika. Ila mtoto wa miaka mitano mwenye kilo 44 ni nadra sana. Nikampigia muuguzi wodini, nikamwomba ampime tena. Zilikuwa pauni. Kilo 20 kamili. Dozi ile ingekuwa zaidi ya mara mbili ya inayotakiwa. Daktari alikuwa na wagonjwa wengi, muuguzi alikuwa na wagonjwa wengi, na mimi kazi yangu usiku ule ilikuwa kuitazama namba na kujiuliza ni ya mtu gani. Mtu anayeipenda kazi hiyo kwa dhati ndiye ninayemtafuta kwenye usaili.

Kuhusu maigizo ya kumshauri mgonjwa, ambayo huwa hayakosekani kwenye MMI, nikuambie tunachokiona. Mwigizaji anajifanya mzee anayeumwa goti, anataka ibuprofeni ya dukani. Karibu kila mwombaji anaanza kueleza: unywe na chakula, usizidishe. Wachache wanauliza kwanza, "Baba, kuna dawa nyingine unazotumia?" Yule mwigizaji ameagizwa asitaje warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, mpaka aulizwe. Warfarini na ibuprofeni pamoja ni hatari ya kutokwa damu, lakini hatutegemei mwombaji ajue hilo. Tunaandika kimoja tu: aliuliza au hakuuliza. Akiulizwa, akaitaja, na mwombaji akasema "hii sina hakika nayo, ngoja nimwite mfamasia", huyo amepata alama zote kwangu.

Soma habari za fani. Uwe na maoni, si vichwa vya habari tu. Mwezi Machi 2023 FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, iliruhusu nalokisoni ya kupuliza puani, dawa ya kumwokoa aliyezidisha dawa za jamii ya afyuni, iuzwe bila cheti cha daktari. Fikiria hilo limebadilisha nini kwenye kaunta yako mwenyewe. Mwaka huo huo, msimu wa vuli, wafamasia wa baadhi ya famasi kubwa za Marekani waligoma wakisema watumishi ni wachache kuliko kazi. Famasi nyingi zimefungwa, na malipo kutoka kwa makampuni yanayosimamia mafao ya dawa ni mgogoro wa kila siku. Na idadi ya waombaji wa famasia ilishuka kwa miaka kadhaa. Wewe umesimama kaunta, umeyaona. Wakikuuliza kama unajua unakoingia, waambie kwa ukweli, halafu waambie kwa nini bado unataka. Mwombaji anayesema kila kitu ni kizuri ananipa mashaka.

Hiyo C isikunyime usingizi. Wakiuliza, sentensi mbili: mama aliugua, nilikuwa namhudumia, na masomo ya sayansi niliyofuatia nimepata alama hizi. Kisha nyamaza. Ukiirefusha wewe, na wao wataiona ndefu.

Mwisho wa usaili watakupa nafasi ya kuuliza. Waulize wanafunzi wao wanafaulu NAPLEX, mtihani wa leseni ya ufamasia, kwa kiwango gani kwa mara ya kwanza. Takwimu hizo NABP, chama cha bodi za famasia wanaousimamia mtihani huo, wanazitoa kwa kila chuo, kwa hiyo zitazame kabla, kisha uliza wanafanya nini kwa wanaosuasua. Waulize mafunzo ya vitendo ya mwaka wa nne yanafanyika wapi na kama utalazimika kuhama makazi. Na kama chuo ni kipya, uliza bila woga kiko hatua gani ya ithibati ya ACPE, maana bila kuhitimu programu yenye ithibati njia yako ya kwenda kwenye leseni inafungwa.

---

Kemia_na_Maisha

Shikamoo dada Zamu_ya_Usiku. Nimesoma mara kadhaa na nimeandika pembeni. Hilo la "sehemu ile haikuwa yangu" sikuwa nimeliona kabisa kwa jicho la msaili. P3, ahsante sana kaka, leo nimeanza na saa ya simu na nimegundua naongea mbio.

Naomba niulize sehemu ya pili, ambayo ndiyo inayoniondolea usingizi. Chuo cha kwanza kinasema hutoa majibu wiki chache baada ya usaili. Kikinikubali kitataka amana ya kushikilia nafasi ndani ya muda mfupi, na chuo ninachokitaka bado kimya. Je, niwaandikie hao walionyamaza, au nitaonekana nasumbua? Na mtu anafanya nini kipindi hiki zaidi ya kufungua barua pepe kila saa?

---

Subira_Dozi

Dada, hapa nakujibu mimi kwa sababu niliishi kwenye orodha ya kusubiri hadi kiangazi, na leo nina leseni.

Kwanza uelewe kwamba vyuo vingi vya famasia hudahili kwa mzunguko. Kamati inakaa, inasoma fungu, inatoa nafasi, inakaa tena. Ukimya maana yake jina lako halijapangwa kwenye fungu lililoamuliwa, au limesomwa na likaachwa pembeni lilinganishwe na watakaokuja. Yote mawili kwa nje yanaonekana sawa. Watu wanapoteza miezi wakipiga ramli kwa kutazama nani ameitwa na mwenye GPA gani. Mimi niliacha kusoma orodha hizo, na usingizi ukarudi.

Kuandika unaruhusiwa, tena inafaa, mradi una jambo jipya la kuwaambia. Majira ya baridi PharmCAS hufungua dirisha la kuongeza alama za muhula uliomaliza. Litumie, hasa wewe mwenye ile C, kisha wajulishe chuo kwamba umeongeza. Barua ya "nakumbushia tu" haina faida.

Kuhusu amana: soma masharti kabla hujaitwa, usisubiri barua ya furaha. Angalia ni kiasi gani, inarudishwa au hairudishwi, na mwisho wake ni lini. Ukishapata nafasi kwenye chuo cha kwanza, hiyo ndiyo sababu halali ya kuwapigia wa tatu: "nimepata nafasi kwingine, natakiwa kujibu tarehe fulani, ninyi ndio chaguo langu la kwanza, je kuna uwezekano wa kujua msimamo wangu?" Ofisi za udahili zinalijua swali hilo na hazikasiriki. Unaweza pia kumwomba yule aliyekukubali akuongezee siku. Akikataa umebaki pale pale. Ila ukiona siku inafika na hakuna jibu, lipia kiti ulichonacho. Nimeona mtu akiachia nafasi ya uhakika kwa matumaini, akaanza kuomba upya mwaka uliofuata.

Wakati wa kusubiri fanya mambo ya mwili na karatasi, maana yakija yanakuja yote kwa pamoja. Chanjo kwanza. Watataka uthibitisho wa homa ya ini B, na mpangilio wa kawaida wa dozi tatu unachukua miezi sita, kwa hiyo mtu anayeanza baada ya barua anachelewa. Watataka kipimo cha kifua kikuu. Kama ulichanjwa BCG utotoni na una kovu begani, omba kipimo cha damu badala ya kile cha ngozi, kwa sababu BCG inaweza kufanya cha ngozi kionyeshe maambukizi yasiyokuwepo, halafu unaanza safari za eksirei. Kuna uchunguzi wa rekodi za polisi na kipimo cha dawa za kulevya. Kuna kujisajili kwenye bodi ya famasia ya jimbo kama mwanafunzi wa vitendo. Na kama bado una somo la awali hujalimaliza, ulimalize kwa alama wanayoitaka, maana nafasi unayopewa sasa ina sharti hilo ndani yake.

Halafu fedha. Kama wewe ni raia au una makazi ya kudumu jaza FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa fedha wa serikali ya shirikisho, mapema. Kwa wanaoanza kukopa kuanzia Julai 1, 2026 mkopo wa Grad PLUS, ule wa shirikisho kwa wanafunzi wa shahada za juu, umefutwa, na mkopo wa shirikisho kwa shahada za taaluma kama PharmD umewekewa kikomo cha dola 50,000 kwa mwaka na dola 200,000 kwa jumla. Kwa hiyo linganisha gharama za vyuo vyako vitatu, ada pamoja na maisha ya miaka yote, kabla hujasema moyo uko wapi. Chuo kinachozidi kikomo maana yake pengo utalijaza kwa mkopo wa benki au kwa mfuko wako. Mimi ningeanza hesabu hiyo wiki hii.

---

Mwaka_wa_Tatu_P3

Naunga mkono hilo la homa ya ini. Kwenye darasa letu kuna waliozuiwa kuanza vitendo mpaka chanjo zikamilike, wenzao wameshaingia hospitalini. Inauma.

---

Zamu_ya_Usiku

Marahaba mdogo wangu. Subira kasema yote ya msingi, naongeza mawili tu.

Baada ya kila usaili, siku hiyo hiyo kabla hujalala, andika maswali uliyoulizwa na ulivyojibu. Usiandike ili ujihukumu. Usaili wako wa pili uko mbele, na chuo cha tatu kinaweza kukuita ghafla kwa taarifa ya siku chache. Kisha tuma barua fupi ya shukrani kwa ofisi ya udahili, ukitaja jambo moja mlilozungumza. Barua hiyo haitakupa nafasi, lakini mimi huzisoma, na ile inayotaja jambo halisi huwa naikumbuka.

Kwa chuo kilichonyamaza, andika mistari michache hivi, kwa maneno yako: "Nilituma maombi yangu mapema msimu huu na bado chuo chenu ni chaguo langu la kwanza kwa sababu ya" (hapo weka kitu ambacho kipo kwao peke yao, kliniki yao, programu yao, mwalimu ambaye kazi yake umeisoma). "Tangu wakati huo nimeongeza alama za muhula uliopita, na kazini nimepewa jukumu hili." Basi. Usieleze jinsi unavyoteseka kusubiri, wanajua. Usitume kwa profesa mmoja mmoja, tuma ofisi ya udahili, na kwenye kichwa cha barua weka jina lako kamili na namba yako ya PharmCAS ili asiyekujua akupate kwa haraka.

Na ukiwa kazini wiki hii, muulize yule mfamasia wako kama atakubali kukaa na wewe dakika chache akuigizie mgonjwa mgumu. Aliyefikiria kuchora mstari kwenye bomba atakuwa mwalimu mzuri. Usaili wa video ni lini?

---

Kemia_na_Maisha

Alhamisi ijayo, saa nne asubuhi. Nimeshamuuliza mfamasia wangu, amekubali, tunaanza Jumapili tukifunga kaunta. Barua ya chuo cha tatu naiandika leo usiku. Chanjo ya kwanza ya homa ya ini nimepanga Jumatatu, na kovu la BCG ninalo, kwa hiyo nitaomba kipimo cha damu. Nitarudi hapa na maswali waliyoniuliza, yawasaidie na wengine wanaosubiri.